Siku Uliyowaza Sabuni

Kabula mwanangu,

Hali yangu unaijua, kwa maana mchana huu tumekula sahani moja. Yako siulizi, nimeiona. Ulimega ugali mara tatu ukasema umeshiba, kisha ukaenda kwa jirani kusukwa nywele za safari ambayo tangu Jumatano unasema huendi. Bibi hakukuuliza kwa nini mtu asiyesafiri anasukwa. Mimi pia sikuuliza. Unajua mimi si mtu wa kuuliza wala wa kusema, ndiyo maana nimekaa hapa chini ya paa la jikoni na daftari. Jua bado liko juu ya vilima vya mgodini, na nywele zako ni nyingi, kwa hiyo nina muda.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kufua, ya kutokula vitu vya barabarani pale Kahama utakapobadili basi, Bibi ameshayasema na kesho kituoni atayasema tena. Siyarudii. Mimi nataka kukuambia makosa yangu, kwa sababu yameingia miguuni mwako bila wewe kujua, na sitaki uyabebe mpaka kambi ya wakimbiaji ya Shinyanga.

Nilikuwa na miaka minane dada yangu, mama yako, alipofariki. Wewe ulikuwa na mitano. Siku ya tatu ya msiba shangazi mmoja alikushika mkono, akakuleta nyuma ya ghala la mtama nilikokuwa nimejificha, akasema, "Minza, wewe ndiye mama mdogo. Huyu ni mwanao sasa. Mwogeshe." Nikakuogesha. Nadhani yeye alitaka tu upate wa kukuangalia wakati watu wazima wakipika. Lakini nililisikia neno lile kama lilivyosemwa, na sijaliweka chini tangu siku hiyo.

Mimi nilichelewa kuanza shule, wewe uliwahi kwa kuwa ulikataa kubaki nyumbani bila mimi, basi tukakaa dawati moja miaka saba. "Mama Kabula, mwanao kakosa hesabu, mchape." Unakumbuka walivyotucheka? Wewe ulicheka nao. Mimi niliangalia chini ya dawati mpaka kengele.

Mwalimu Ntobi alipoona unavyokimbia, alichukua baiskeli yake, akafunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la mbele, akaipima barabara toka geti la mgodi wa zamani mpaka kwenye lile tangi la maji lililotoboka, akihesabu kila kitambaa kilipopita juu. Kwenda na kurudi zikawa kama kilomita sita. Akatafuta mtu wa kusimama getini na saa. Hakuna aliyeitaka kazi hiyo. Mimi niliitaka, kwa sababu ilikuwa kazi isiyohitaji kusema. Babu yako, baba yangu mimi, akaniazima saa yake, ile aliyoinunua kwa mshahara wa mwisho kabla mgodi haujafungwa. Akaniambia, "Hii imetoka chini ya ardhi pamoja nami. Usiiangushe."

Nimesimama pale getini asubuhi nyingi, Kabula, kuliko zile nilizokaa darasani nikaelewa kitu. Na jambo lililonishangaza tangu mwanzo, linalonishangaza hata leo, ni hili: barabara ni ileile, miguu ni ileile, saa ni ileile, lakini anayerudi toka tangini si yuleyule. Siku moja unarudi kwa dakika ishirini na nne, mabega yamelala, unapumua kama mtu aliyetoka kuchota maji. Keshokutwa yake unarudi kwa ishirini na saba, mdomo wazi, unakanyaga kama umefungiwa mawe. Hukuwa mvivu. Nilikuwa nauona uso wako.

Nikaanza kutafuta sababu. Katika daftari la nyakati zako, pembeni mwa kila siku niliandika kwa herufi ndogo: alichokula, kama alilala, kama tulipalilia pamba jana yake, kama kulikuwa na upepo wa kutoka ziwani, kama alikuwa katika siku zetu. Nyingine niliziona. Ukipalilia kutwa, kesho yake miguu inakumbuka jembe. Homa inapokuja, saa huwa inajua siku mbili kabla ya Bibi kukugusa paji la uso. Usiku ule mbuzi walipoibwa hatukulala, na asubuhi ulikimbia vibaya. Hayo ni sawa. Lakini kuna siku ulilala vizuri, ukala michembe ya viazi na maziwa, hapakuwa na upepo wala jua, ukakimbia vibaya. Na kuna siku ulitoka hapa umekasirika, tumbo tupu, katika siku zako, ukakimbia vizuri kuliko wiki nzima. Nilijaza kurasa. Sababu zilikuwa kama kuku, nikishika huyu wawili wanatoka.

Siku moja nilimuuliza Babu. Alikuwa anashona kiatu chake.

"Babu yake Kabula, kwa nini mtu huyohuyo leo anaweza, kesho hawezi?"

"Nani? Mkimbiaji wako?"

"Ndiyo."

Akavuta uzi kwa meno. "Kule chini nilishika mashine ileile ya kutoboa miamba miaka kumi na mmoja. Mwamba uleule, mikono hiihii. Jumatatu natoboa mashimo kumi na mawili. Jumanne, sita. Na Jumanne nimejitahidi zaidi."

"Msimamizi alisemaje?"

"Aliandika mvivu." Akacheka. "Jumatano natoboa kumi na matatu, anaandika hodari. Kalamu ilikuwa yake."

"Na ninyi mlifanyaje siku ya mashimo sita?"

"Siku ya sita unatoboa sita, unatoka, unakwenda kula. Yule aliyelazimisha kumi na mawili siku ya sita, huyo ndiye tuliyempandisha juu amelala kwenye kitoroli cha mawe."

Ningeyasikia vizuri maneno hayo, nisingeandika barua hii. Sikuyasikia. Niliyaona ni hadithi za wazee wa mgodini.

Sasa nafika kwenye Julai.

Wiki ile kabla ya mashindano ya wilaya ulikuwa na siku mbaya mfululizo. Jumatatu ulirudi kwa dakika ishirini na sita na sekunde kumi. Mwalimu alikuja na baiskeli, hajafunga hata kifungo cha shati, akauliza kwa mbali, "Leo ngapi?" Wewe ulikuwa umeinama, umeshika magoti. Wavulana wa mpira walikuwa wamesimama pale wanasikiliza. Mdomo wangu ulifunguka, na kilichotoka ni, "Ishirini na nne." Ningesema ilikuwa huruma, ingenipa heshima. Ukweli ni kwamba niliogopa kusema jambo baya kwa sauti mbele ya watu. Kisha ilibidi niandike nilichosema.

Jumanne ulikuwa hivyohivyo, lakini baada ya kusema ishirini na nne siwezi kusema ishirini na sita, watashangaa. Nikasema ishirini na tatu na nusu. Uongo nao una mazoezi yake, mwanangu, kila siku unakwenda mbali kidogo kuliko jana. Ijumaa ulirudi kwa ishirini na tano na sekunde hamsini, mimi nikaandika ishirini na mbili na sekunde arobaini. Mwalimu alipiga kengele ya baiskeli kwa furaha. Wewe uliniangalia ukasema, "Ajabu, Mama Mdogo. Nilidhani nimefia njiani."

Sentensi hiyo ndiyo inayoniamsha. Mwili wako ulikuambia ukweli na mimi nikakufundisha usiuamini.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Mwalimu alikuambia, "Shika wale wakubwa tangu mwanzo, wewe sasa ni wa ishirini na mbili." Ukawashika. Mpaka nusu ya njia ulikuwa wa pili, watu wa soko wanauliza huyu mtoto mwembamba ni wa nani. Kisha nikakuona unakatika. Ulitembea. Ukakaa juu ya magunia ya pamba kando ya barabara, na mwanamume mmoja akapiga kelele, "Mleteeni kitanda alale!" Watu wote wakacheka, na wewe ukainuka ukamaliza ukiwa wa mwisho ila mmoja, goti linatoka damu. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwako na daftari kifuani.

Sikusema ukweli hata jioni ile, Bibi alipouliza ulikunywa nini asubuhi, ukamwambia ulikunywa togwa kwa Mama Shija, jirani yetu wa kwenye mkuyu. Bibi aliguna kwa namna yake, ya mtu anayeamini mtoto ametiliwa kitu. Unajua ile namna. Baada ya hapo Mama Shija akisalimia, Bibi anaitikia akiwa anaangalia ndoo. Wanawake wa kisimani wakaona, wakafuata. Tangu Julai mpaka leo, mwanamke yule anachota maji peke yake saa sita za jua, wakati wenzake wamerudi nyumbani, na mimi nilijua kabisa kwamba kilichokuangusha hakikuwa kwenye kata ya togwa, kilikuwa kwenye penseli yangu.

Niliapa sitaandika tena uongo. Na hapa ndipo nilipokosea mara ya pili, na kosa hili ndilo linalonifanya niandike upesi kabla hujarudi.

Ilikuwa mwezi wa Novemba, asubuhi baada ya mvua ya kwanza. Barabara ilikuwa imelowa, imeshikana, vumbi limelala. Ulikuwa umeamka huna raha. Nikakuachia, nikaangalia saa, nikaanza kuandika pembeni kama kawaida: mvua, viazi, hana raha. Sikuwa nimemaliza mawazo yangu nikaona kitu juu ya mwinuko, pale kwenye vichuguu. Nikasema moyoni, huyo si yeye, ni mapema mno.

Ulikuwa wewe. Ng'ombe wa wachungaji walikuwa wanavuka barabara, na wewe unajua wanavyotawanyika mtu akikimbia. Siku ile hawakutawanyika. Waliinua vichwa tu, ukapita katikati yao. Sikusikia miguu yako. Uso wako ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza kitu kinachosemwa chumba cha pili. Nilikuogesha mimi, Kabula, najua kovu la kila goti lako, lakini kwa muda ule mfupi sikukufahamu. Nilipatwa na woga, ule unaompata mtu akimwona fisi mchana, si kwamba atamla, bali kwamba ameonyeshwa kitu ambacho kwa kawaida hakionyeshwi. Ukagusa nguzo ya geti.

Saa ilisema dakika ishirini na mbili na sekunde tano.

"Ngapi?" ukauliza.

Nikaangalia tena. Nikasema moyoni, Minza, umeanza tena. Unatamani mno, sasa hata macho yako yanadanganya. Au saa ya Babu imesimama kidogo njiani ikaendelea. Nikaona kwamba mtu aliyewahi kupunguza dakika hana haki ya kuamini dakika zilizopungua zenyewe. Kwa hiyo, ili nisikudanganye tena, nikaongeza mbili. Nikasema, "Ishirini na nne."

"Si mbaya," ukasema. Hukuwa unapumua kwa shida. Kisha ukasogea karibu, ukanong'ona, "Mama Mdogo, jana ile sabuni iliniangukia kisimani. Yote. Toka hapa mpaka tangini na kurudi nawaza nitamwambiaje Bibi."

Na sabuni yenyewe ndiyo ile tuliyoipangia foleni siku mbili duka la kijiji.

"Hukuchoka?"

"Sijui. Sikuangalia."

Tukacheka. Nikaandika ishirini na nne kamili, tukarudi nyumbani, mimi nikamwambia Bibi sabuni nimeipoteza mimi. Nilijiona mama mwema siku hiyo.

Wiki hii umenirudisha kwenye yote. Jumatatu, kwa saa niliyoazima kwa Mwalimu, ishirini na sita na nusu. Jumanne ishirini na saba. Jumatano ulifika tangini ukarudi unatembea, viatu mkononi. Ukaketi kwenye jiwe la geti ukasema bila kulia, "Mimi nilikuwa mkimbiaji Julai. Julai mazoezini nilikimbia ishirini na mbili na sekunde arobaini, na mashindano yakanishinda. Sasa hata mazoezi yananishinda. Yule wa Julai amekwisha. Siendi Shinyanga kuchekwa." Nikakushika bega. Yule wa Julai hajawahi kuwako. Nilimuumba mimi. Na wewe umekuwa ukimfukuza miezi sita.

Siku hizohizo saa ya Babu ilikuwa kwa fundi. Ijumaa iliyopita niliipeleka mjini kwa Mzee Jivan, yule Mhindi anayeuza vitambaa na kutengeneza saa barazani. Nilimwambia wakati mwingine inasimama yenyewe kisha inaendelea, kwa sababu kwa miezi miwili nilikuwa nimejiaminisha hivyo. Jana nilikwenda kuichukua.

"Saa yako haina ugonjwa," akasema, hata hajaitikia shikamoo vizuri.

"Inasimama, Mzee. Mwezi wa kumi na moja ilisimama dakika mbili."

"Uliiona inasimama?"

"Hapana."

"Basi nani amekwambia?" Akavua kile kioo cha jichoni. "Siku saba nimeilaza hapa, asubuhi na jioni naipima kwa mlio wa redio. Inachelewa sekunde tano, sita, kwa wiki. Nimeifungua, nimeiangalia tumboni. Saa ya namna hii ikisimama, inasimama moja kwa moja, mpaka uitikise. Haiwezi kwenda kulala ikaamka yenyewe. Hiyo ni kazi ya punda."

Mkewe akasema kutoka ndani, "Mpe mtoto saa yake, unampigia hadithi."

"Nampa. Lakini yeye ndiye ameitukana, si mimi."

Nilitoka pale sioni njia. Nilikaa kwenye ngazi za duka lililofungwa nikafungua daftari ukurasa wa Novemba, nikatazama ile ishirini na nne niliyoiandika kwa unyofu wangu wote. Ishirini na mbili na sekunde tano, Kabula. Ilikuwa kweli. Ulikimbia vizuri kuliko uongo wangu mkubwa kabisa, na ulikuwa unawaza sabuni.

Nikasoma daftari lote upya palepale, safari hii nikizirudisha tarakimu za kweli, maana za Julai bado nazikumbuka zote, hazisahauliki. Sitaki kukuambia kwamba nimeelewa. Naona tu kwamba siku zile tatu nzuri kupita zote, kila moja ilikuja baada ya kipindi kibaya, kilichofuatiwa na siku chache ambazo hukukimbia: mara moja kwa mvua, mara moja kwa homa ndogo, mara moja Mwalimu alikuwa safarini. Kana kwamba katika zile siku nzito kuna mtu alikuwa ndani anajenga, akatumia nguvu zote za nyumba, ndiyo maana barazani hapakuwa na chochote. Lakini kuna vipindi vingine vibaya havikuzaa kitu. Na kuna ile siku ya Septemba uliyoniambia uliruka kama ndege, saa ikasema ishirini na tano na sekunde kumi. Kwa hiyo hata wewe mwenyewe, ukiwa ndani ya mwili huo, huambiwi kila kitu. Nimesimama nje yake miaka miwili na saa, sijaambiwa hata nusu. Zamani jambo hili lilinitesa. Jana kwenye ngazi zile lilinifanya nitake kuvua kandambili, kama mtu anayeingia mahali patakatifu.

Asubuhi ya leo nilikwenda kwa Mama Shija. Alikuwa anatwanga. Nilisema yote nikiangalia kinu. Hakuacha kutwanga mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo togwa yangu haikuwa na kitu?"

"Haikuwa na kitu, Mama."

"Nilijua. Iliyobaki niliinywa mwenyewe." Akageuza mtama kwa mkono. "Unataka nikwambie yameisha?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya uani siitaki, mayu. Nimenuniwa kisimani, nitaombwa radhi kisimani, wenzangu wakisikia. Lakini kwanza mwambie mtoto. Usije ukanisafisha mimi kabla ya kumwambia mwenye miguu."

Basi Jumatatu asubuhi nitakwenda kisimani saa wanapokuwa wote.

Limebaki moja, nalo ni zito. Watu wa riadha wa kanda walipomwandikia Mwalimu atume nyakati za wasichana wake, alichukua daftari langu akanakili nyakati zako tatu bora. Zote tatu ni za wiki ile ya Julai. Umeitwa kambini kwa tarakimu ambazo hukukimbia. Wakisikia, huenda wakasema urudi. Huenda pia wakatazama ile ya Novemba wakasema ubaki, lakini ile imeandikwa ishirini na nne, na shahidi wake ni mimi, mtu ambaye ameshadanganya. Sijui wataamini nini. Kesho Mwalimu atakuwa kituoni kabla ya basi la Kahama. Nataka tumwambie. Nitasema mimi, wewe usimame tu karibu yangu, au ukitaka ukae mbali.

Sikuandikii haya ili uende, wala ili ubaki. Ninaandika kwa sababu Jumatano uliamua ukiwa umejilinganisha na mtu asiyekuwako, na nataka ukiamua tena ujue unayemlinganisha ni nani. Wewe ni wa ishirini na nne siku za kawaida. Ni wa ishirini na saba siku za mawe, nazo zitakuja huko pia, mbele ya wasichana wa Tabora na Mwanza wenye raba mpya. Na mara moja ambayo naweza kuiapia ulikuwa kitu ambacho mpaka leo nakosa neno lake. Wote hao watatu ni wewe. Nilikuwa nimewaficha wawili.

Nimesikia mlango wa uani. Umerudi. Bibi anakuambia nywele zimekaa vizuri, na wewe unamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama zile raba alizofua zimekauka, maana kesho basi ni saa kumi na mbili.

Kwa hiyo umeamua kwenda, bila barua yangu. Nimekaa hapa nimeshika penseli, na sitakuficha nilichowaza. Nimewaza kwamba ningeweza kuzichana karatasi hizi nikazitia jikoni, moto uko mkono wangu wa kulia. Ungepanda basi umefurahi. Mwalimu angekupungia mkono. Hakuna mtu duniani angejua, na Mama Shija amezoea jua la saa sita.

Bibi anasema raba zimekauka isipokuwa ndimi. Unacheka. Sijakusikia ukicheka tangu Jumapili.

Bado kuna mwanga wa kusomea. Naacha kuandika, natoka kukupa hii mkononi, mbele ya Bibi, na sitaondoka mpaka umalize kusoma.

Mama yako Mdogo,
Minza